Neno Moja Ndani ya Kelele: Jinsi ya Kuchagua Intakomu na Paneli ya Sauti ya Ndege Ndogo

Panda matatu ya Ngong Road, Nairobi, asubuhi, muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka, kisha mtazame makanga anavyozungumza na dereva. Hapazi sauti. Anajua kwamba hata akipasua koo hatasikika. Anagonga bati. Kofi la namna hii, gari liondoke. Kofi la namna ile, lisimame. Kofi ni fupi na kali, halifanani hata kidogo na ngoma ya spika, na sikio la dereva hulitambua papo hapo. Makanga amegundua mwenyewe kanuni ya kwanza ya mawasiliano: ujumbe hauhitaji kuwa mkubwa kuliko kelele zote za dunia, unahitaji kutofautiana na kelele iliyopo pale unaposikilizwa.

Kilomita chache kutoka barabara hiyo, kando ya Lang'ata Road, kuna Uwanja wa Ndege wa Wilson. Ndani ya ndege ndogo zinazoruka hapo tatizo ni lile lile, ila kofi la bati halitoshi. Rubani anahitaji neno zima na tarakimu zote. Mnara wa kuongozea ndege unampa urefu wa kuruka, mwalimu wa kiti cha kulia anamrekebisha, na nyuma kabisa huenda kuna muuguzi anayesema mgonjwa anashindwa kupumua. Wote hao wanagombea masikio mawili. Kifaa kinachowaunganisha watu waliomo ndani ya ndege ni intakomu. Kile kinachoamua ni redio gani inasikika na sauti ya nani inatoka nje ni paneli ya sauti. Siku hizi mara nyingi viwili hivyo huuzwa katika sanduku moja.

Wengi huenda kununua sanduku hilo kama wanavyonunua redio ya gari: wanahesabu vitufe, wanauliza kama lina Bluetooth. Mimi naamini linapaswa kununuliwa kwa kufikiria ukimya. Swali la kwanza ni kiasi gani cha kelele kitabaki nje ya sikio la rubani. La pili ni nani ataruhusiwa kuvunja ukimya huo, na lini. La tatu ni nini kitabaki siku sanduku lenyewe litakapokufa angani. Ili tuyajibu, tuanze mbali kidogo.

Jina la Wilson linatokana na Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929. Ndege za siku hizo, kama Gipsy Moth aliyokuwa akirusha mwindaji Denys Finch Hatton kabla hajafa nayo Voi tarehe 14 Mei 1931, zilikuwa na matundu mawili yaliyo wazi kwa upepo, abiria mbele na rubani nyuma. Walizungumzaje? Nyingi zilitumia mpira. Mwaka 1917 Robert Smith-Barry, mkufunzi wa marubani wa Uingereza, aliufanya mpira wa kusemea kuwa chombo cha kawaida cha mafunzo katika shule yake ya Gosport. Mwalimu alisema ndani ya faneli, sauti ikapita kwenye mpira, ikatokea kwenye masikio ya mwanafunzi. Hapakuwa na waya wala betri.

Unaweza kuujaribu nyumbani. Chukua mita tatu za mpira wa kumwagilia bustani, chomeka faneli ya jikoni kila upande, mpe mtoto upande mmoja, fungua redio kwa sauti ya juu katikati yenu, kisha nong'ona. Atakusikia. Sauti inayotoka mdomoni hutawanyika pande zote kama mpira unaojaa hewa. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ile ile hutandazwa juu ya eneo kubwa mara nne. Ndani ya bomba haina pa kutawanyikia, kwa hiyo hufika ikiwa karibu na nguvu iliyotoka nayo. Intakomu ya leo, hata iwe ya bei gani, inafanya kazi ya ule mpira: inaichukua sauti karibu na mdomo na kuiachilia karibu na sikio, bila kuipitisha kwenye hewa ya kabini.

Hewa hiyo ina nini? Chukua Cessna 172, ndege ambayo wanafunzi wengi wa Wilson hujifunzia. Injini yake ina silinda nne, na ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, hiyo ni mara 40 kwa sekunde. Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo silinda nne hutoa milipuko miwili kwa kila mzunguko: milipuko 80 kwa sekunde. Rafadha ina mabapa mawili nayo inazunguka mara 40, kwa hiyo mabapa hupita mbele ya kioo mara 80 kwa sekunde. Injini na rafadha zinaimba noti moja, hezi 80, na juu yake upepo unapuliza kwenye milango na vipenyo vyote. Jumla yake kwa kawaida ni kati ya desibeli 90 na 100.

Desibeli ni kipimo cha kuzidisha, si cha kujumlisha. Kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Mazungumzo ya kawaida mita moja kutoka mdomoni ni kama desibeli 60. Kelele ya kabini ikiwa 95, tofauti ni 35, maana yake kelele ina nguvu zaidi ya mara 3,000 kuliko neno lako. Ukipiga kelele unaweza kuongeza desibeli 20, na bado umeshindwa. Na kuna hasara ya pili. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, inapendekeza mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na muda huo unapungua kwa nusu kila zinapoongezeka tatu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja. Mwalimu anayefundisha masikio wazi hutumia fungu lake la siku nzima kabla somo moja halijaisha, na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Sasa sogeza maikrofoni. Kanuni ile ya mpira unaojaa hewa inafanya kazi kinyumenyume pia: kutoka mita moja hadi sentimita moja sauti huongezeka kwa takriban desibeli 40. Zile 60 zinakuwa 100, na kwa mara ya kwanza neno limeizidi kelele. Hii ndiyo sababu walimu hawachoki kumwambia mwanafunzi, "Lamba maikrofoni." Ukiiacha sentimita nne badala ya moja, umetupa desibeli 12, yaani sehemu kumi na tano katika kumi na sita za nguvu ya sauti yako. Hakuna paneli yoyote itakayozirudisha, kwa sababu kikuza sauti hukuza neno na kelele kwa pamoja.

Maikrofoni ya ndege ina ujanja mwingine ambao ni mzuri mno kupita bila kuutazama. Ina matundu mbele na nyuma. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita nne, refu kuliko upana wa kabini, kwa hiyo linapofika kwenye kidude chenye upana wa kidole linasukuma utando wake mbele na nyuma kwa nguvu karibu sawa, na utando hausogei. Neno lako linatoka sentimita moja tu upande wa mbele. Linasukuma mbele kwa nguvu, na nyuma linafika likiwa limedhoofika. Utando unasogea kwa neno, unanyamaza kwa injini. Maikrofoni nyingi zina alama ndogo ya nukta au maandishi kuonyesha upande wa kuelekeza mdomoni. Ukiigeuza, umeuharibu ujanja wote.

Kwenye sikio kazi imegawanywa. Sponji na gamba la hedseti ya kawaida huzuia vizuri mawimbi mafupi, yaani mluzi wa upepo, lakini wimbi la mita nne hupita kana kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo hedseti ya umeme huingia: ndani ya gamba kuna maikrofoni ndogo inayosikia ngurumo iliyopenya na spika inayotoa wimbi lililo kinyume chake, mlima kwenye bonde na bonde kwenye mlima, vikafutana. Inaweza hivyo kwa sababu wimbi la hezi 80 huchukua milisekunde 12.5 kukamilika, muda mwingi kwa saketi. Wimbi la hezi 4,000 huchukua robo ya milisekunde, na ukichelewa kidogo tu unaongeza kelele badala ya kuifuta. Mhandisi Amar Bose aliuchora mpango huo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Mwaka 1986 hedseti za majaribio zilivaliwa na Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia bila kutua katika ndege ya Voyager, na mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani.

Kwa hiyo, kama fedha zinatosha kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hedseti nzuri mbili kabla ya paneli mpya. Paneli ya kifahari inayosikilizwa kwa hedseti mbovu ni redio nzuri ndani ya matatu.

Tuingie sasa kwenye waya. Maikrofoni za kwanza za ndege na simu zilikuwa na chembe za kaboni. Sauti ilizikandamiza chembe, ukinzani wake ukabadilika, na mkondo wa umeme uliopita ndani yake ukabadilika pamoja nao. Bila mkondo kutoka nje, kaboni ni bubu. Ndege zote zikajengwa zikipeleka volti chache kwenye waya wa maikrofoni. Kaboni imekufa zamani, lakini desturi imebaki: maikrofoni ya leo ni ya aina nyingine na ina kikuza sauti kidogo ndani yake, na hicho hula zile zile volti, kwa kawaida kati ya 8 na 16. Ndiyo maana hedseti ya simu haifanyi kazi kwenye ndege hata ukipata adapta ya kila umbo kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Adapta inaunganisha ncha na tundu. Haikupi volti wala ukinzani unaotakiwa. Vivyo hivyo hedseti ya helikopta, yenye plagi moja badala ya mbili, huhitaji kifaa maalumu kabla haijaingia kwenye Cessna. Kabla ya kununua intakomu, hesabu hedseti ulizo nazo na plagi zake.

Angalia pia kama ni za mono au za stirio. Paneli ya stirio ina nyaya mbili za sauti, kushoto na kulia. Abiria akichomeka plagi ya mono kwenye tundu la stirio, kiungo cha kulia kinagusana na bodi. Katika paneli duni, upande wa kulia wa kila mtu unanyamaza, rubani akiwemo. Katika paneli nzuri kila tundu lina kinga yake na kosa la abiria linabaki kwa abiria. Muulize muuzaji swali hilo kwa maneno hayo hayo.

Sasa kiini cha intakomu. Watu wanne wana maikrofoni nne. Kama zote ziko wazi wakati wote, kelele nne zinajumlika katika kila sikio, na nguvu mara nne ni desibeli 6. Neno la msemaji ni lile lile, kelele imeongezeka. Kwa hiyo kila maikrofoni huwekewa lango, ambalo mafundi huliita skwelchi, linalofunguka pale sauti inapozidi kiwango fulani. Intakomu za bei ya chini zina lango moja kwa wote: mmoja akifungua mdomo, maikrofoni zote nne zinafunguka na kelele zao. Zilizo bora zina lango kwa kila maikrofoni. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha ya bidhaa, lakini ndiyo utakayoisikia kila dakika ya safari.

Lango lina tabia moja ambayo sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya kuiogopa kuliko wengine. Ili lifunguke ni lazima kwanza lisikie sauti, kwa hiyo mwanzo wa neno hukatwa. Kwa Kiingereza, lugha ya redio za Wilson, ukipoteza mwanzo wa sentensi huenda umepoteza salamu tu. Lakini ndani ya kabini watu wengi huongea Kiswahili, na Kiswahili huweka katazo mwanzoni kabisa. Mwalimu anasema, "Usipunguze gesi!" Lango likichelewa na kula silabi mbili, mwanafunzi anasikia "punguze gesi". "Usigeuke" inakuwa "geuke". Amri imepinduka. Hata konsonanti moja ina uzito: "paa" na "kaa" yanatofautiana kwa mpasuko wa hewa wa sehemu chache za mia za sekunde, moja linaiinua ndege na jingine linaizuia chini. Mwalimu mwenye busara huanza na jina la mwanafunzi ndipo atoe katazo, jina likatwe badala ya "usi". Na mnunuzi mwenye busara huomba kulijaribu lango injini ikinguruma, akitamka hasa maneno hayo. Lango linalojirekebisha lenyewe ni zuri, lakini lihukumiwe kwa sikio na si kwa tangazo.

Kutoka intakomu twende kwenye paneli. Ndege yenye redio moja na viti viwili haihitaji paneli; intakomu nzuri inatosha, na anayekuuzia zaidi anakuuzia mapambo. Paneli inakuwa ya lazima zinapokuwa redio mbili. Rubani anayetoka Wilson kuelekea Maasai Mara, akiiacha Karen upande mmoja na kukabili vilima vya Ngong, anaweza kuhitaji kusema na mamlaka moja huku akisikiliza nyingine. Paneli inampa vitufe vya kusikiliza, vingi apendavyo kwa wakati mmoja, na kitufe cha kusemea, redio moja tu. Kosa la kawaida kabisa ni kusikiliza redio ya kwanza na kusema kwenye ya pili. Paneli inayowasha taa kubwa inayosomeka kwenye jua la saa saba mchana kuonyesha "unasemea hapa" ina thamani kuliko ile yenye menyu ndefu.

Uzito wa kosa hilo unatokana na jinsi redio za ndege zinavyofanya kazi. Hutumia masafa ya megahezi 118 hadi 137, na hupakia sauti kwa kubadilisha ukubwa wa wimbi, kama redio za zamani za masafa ya kati, si kwa kubadilisha kasi ya mtetemo wake kama stesheni za FM. Watu hushangaa kwa nini usafiri wa anga umeng'ang'ania njia ya kizamani yenye mikwaruzo. Sababu mojawapo ni hii: katika FM, wawili wakitangaza pamoja, mwenye nguvu humeza dhaifu kabisa, na mnara usingejua kwamba kulikuwa na mwingine. Katika njia ya ukubwa, mawimbi mawili hugongana. La kwanza likiwa megahezi 120 kamili na la pili likizidi kwa hezi 1,000 tu, tofauti yao husikika masikioni kama mluzi wa hezi 1,000. Maneno yanaharibika, lakini kila mtu anajua kuna mtu amefunikwa.

Mluzi huo ulisikika katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ndani ya ukungu. Mnara na marubani wa Pan Am walizungumza kwa wakati mmoja, na ndani ya chumba cha marubani wa KLM maneno muhimu yakafika yakiwa yameharibiwa na mluzi. Ndege hizo zikagongana, na watu 583 walikufa. Karibu zaidi na kwetu, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wawili waliokuwa ndani ya Cessna wakafariki. Sisemi kwamba kifaa cha sauti kilihusika. Ninasema anga hiyo ni finyu, inagawanywa na wanafunzi, ndege za watalii, helikopta na madaktari, na kila mmoja anatunzwa na anachosikia na anachokiona. Kitufe cha kusemea kilichokwama kwenye ndege moja kinaziba masafa kwa wote. Redio nyingi za kisasa hukata zenyewe matangazo yakizidi takriban nusu dakika. Kama yako ni ya zamani, taa ya kuonyesha kwamba unatangaza si anasa.

Paneli pia hugawa watu. Swichi ya kumtenga rubani humwacha na mnara peke yake, huku abiria wakiendelea kushangilia twiga huko nyuma. Hali ya pili huunganisha viti viwili vya mbele, ya tatu huunganisha wote. Kwa ndege ya wagonjwa mgawanyo huu ni sehemu ya tiba. Huduma ya madaktari warukao, iliyoanzishwa mwaka 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees na ambayo leo ni Amref Flying Doctors, huruka kutoka Wilson. Fikiria kabini ya aina hiyo: wahudumu wanashauriana juu ya mgonjwa, rubani anapokea maelekezo ya kutua. Mazungumzo hayo mawili hayapaswi kuingiliana, lakini mlango baina yao ni lazima ufunguke mara moja muuguzi anapoomba ndege ishuke. Yeyote anayechagua paneli kwa kazi hiyo asikubali ile ambayo mtu wa nyuma hana namna ya kumwita rubani aliyejitenga.

Kuna jambo moja jipya ambalo naliona lina maana ya kweli. Mwaka 1953 Colin Cherry, mwanasayansi wa Uingereza, alichunguza namna mtu anavyoweza kufuata sauti moja katikati ya watu wengi wanaosema. Sauti mbili zikichanganywa katika sikio moja, kazi ni ngumu sana. Moja ikiwekwa kushoto na nyingine kulia, inakuwa nyepesi. Baadhi ya paneli za leo, kutoka kwa watengenezaji kama Garmin na PS Engineering, hutumia hedseti za stirio kuiweka redio ya kwanza upande mmoja wa kichwa na ya pili upande mwingine, mfano wa watu wawili waliosimama sehemu tofauti za chumba. Kwa anayesikiliza redio mbili kila siku, ningelipia hilo kabla ya Bluetooth. Muziki si dhambi, mradi paneli iukate yenyewe mara redio inapozungumza.

Nimefika kwenye swali la tatu, ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Nilimsikia mwenye ndege mmoja akizungumza na fundi mzee kwenye hangari.

"Mzee, nimepata paneli ina kila kitu. Lini tunaifunga?"

"Binti yangu, kwanza niambie ikizimika inafanya nini."

Kila sauti ya ndege, ya kuingia na ya kutoka, hupita ndani ya paneli. Ikikatika fyuzi yake, redio mbili nzima zinaweza kuwa hai zikiwa hazina mdomo wala sikio. Paneli zilizofikiriwa vizuri huwa na swichi ya sumaku inayoshikiliwa na umeme dhidi ya spring. Umeme ukiwepo, sumaku inavuta na sauti inapita kwenye vikuza sauti. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, spring inarudi, na nyaya za hedseti ya rubani zinaungana moja kwa moja na redio ya kwanza. Spring haihitaji betri. Abiria watakaa kimya, muziki utakufa, lakini rubani na mnara watasikilizana.

Ufungaji wenyewe unaweza kuharibu kifaa kizuri. Bodi ya alumini ya ndege hutumika kama waya wa kurudishia umeme, na hakuna chuma kisicho na ukinzani. Taa za kumetameta zikivuta ampia 5 kwa mapigo, na njia ya kurudi ikawa na ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, pale panazuka volti 0.05, yaani milivolti 50. Sauti ya maikrofoni ya ndege nayo hupimwa kwa milivolti, mara nyingi mia chache tu. Ukiunganisha tundu la hedseti na bodi mahali pamoja na paneli na bodi mahali pengine, zile 50 zinaingia masikioni kama tiki-tiki isiyokoma. Altaneta nayo huingia kama mluzi unaopanda kadiri unavyoongeza gesi. Dawa inajulikana: matundu ya hedseti yatengwe na bodi kwa washa za plastiki, na waya wa kurudi wa kila tundu urudishwe kwenye paneli, sehemu moja tu. Usimruhusu mtu akutibu mluzi kwa kukuongezea vichujio kabla hajakagua washa hizo.

Na kwa ndege iliyosajiliwa Kenya hii si kazi ya jioni moja nyuma ya hangari. Ni badiliko la ndege, linahitaji michoro iliyoidhinishwa kwa aina hiyo ya ndege, fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kumbukumbu kwenye kitabu cha ndege. Muulize muuzaji hati za idhini kabla ya bei, maana paneli isiyo na hati kwa ndege yako ni nafuu leo na ghali siku ya ukaguzi.

Siku fundi atakapokukabidhi ndege, usisaini bado. Washa injini, vaa hedseti, mweke mtu kwenye kila kiti, na kila mmoja aseme kwa sauti ya kawaida, "Usipunguze gesi." Sikiliza kama "usi" imefika. Washa taa za kumetameta, ongeza gesi, sikiliza tiki na mluzi. Mwambie mmoja achomeke hedseti ya mono. Kisha zima paneli kabisa na uite mnara ukiomba kupimiwa redio. Mnara ukikujibu na ukawasikia, saini. Usipowasikia, ndege ibaki hangarini.